Ile video ya kamera ya lori nimeifuta

Wasee, kama mmetafuta ile video yangu ya kufunga kamera ya rivasi bila waya "kwa dakika kumi" na hamjaiona, haijapotea. Nimeifuta mwenyewe.

Anko wangu ana lori la trela, la kubeba kontena la futi 40. Tangu niache chuo, nikikosa kazi ya kushuti naenda kumsaidia huko Mlolongo. Kurudisha trela nyuma si mchezo. Ukikata usukani kulia, mkia unaenda kushoto, na likishajikunja kioo cha upande mmoja hakikuonyeshi kitu ila ubavu wa kontena. Ndiyo maana kuna tanboi, mzee mmoja aliye na Anko tangu nikiwa darasa la pili. Anasimama nyuma, anapiga mluzi, anapiga bodi kofi. Kofi mbili ni simama.

Mimi na kiherehere changu nikamwambia Anko tufunge kamera, mzee apumzike. Ukweli? Nilikuwa natafuta kontenti.

Seti ya kwanza niliitoa Luthuli, na ikaungua hapo hapo. Gari ndogo ni volti 12, lori la Anko ni 24, na mimi nikaunga bila kusoma. Hiyo sehemu niliikata kwa video, manze. Ya pili ilikuwa ya 12 hadi 24. Na msidanganywe na hilo jina, "bila waya" bado ina waya: picha ndiyo inarushwa hewani, umeme lazima uutoe mahali. Niliutoa kwa taa za nyuma za trela. Skrini ikakaa kwa dashibodi, picha safi. Nikapost, mkapenda.

Lakini siku hiyo trela lilikuwa tupu.

Wiki hiyo hiyo likapakiwa kontena, chuma chote hicho kikakaa kati ya kamera na kabini. Anko akaweka rivasi. Skrini inaonyesha yadi tupu. Nikamwambia, "Enda tu Anko, hakuna mtu."

Tukasikia kofi mbili. Halafu nyingi.

Mzee alikuwa nyuma, ameinama kuokota jiwe la tairi. Picha ilikuwa imeganda. Yadi tuliyokuwa tunaiona ni ya kabla hajafika hapo. Afadhali skrini ingezima au ijae chengachenga, Anko angesimama. Iliyoganda inakaa tu kama picha nzuri.

Hakuumia. Alikuja dirishani, akaniangalia. "Kijana, wewe uliona nini?"

Sikuwa na la kusema.

Baadaye nilivuta antena ya kamera na waya mrefu hadi mbele ya trela, karibu na kabini, na tangu hapo haijaganda. Kama ulifuata video yangu, rudi uangalie volti, halafu ujaribu tena lori likiwa na mzigo. Yule msee aliyeandika kwa komenti kwamba sasa atafuta tanboi wake, tafadhali nitumie ujumbe.

Kamera ya Anko bado iko. Kabla ya rivasi, mzee anaenda nyuma na kupunga mkono mbele yake. Anko hatoi mguu kwa breki mpaka auone huo mkono ukicheza kwa skrini, kisha mzee anasogea kando na kuanza mluzi wake.