Mawe ya Tochi na Mawe ya Kisenge

Mawe ya Kisenge huonekana vizuri wakati wa kiangazi, majani yakiisha kuungua. Kabla ya hapo nchi yote imefunikwa, na mtoto atafutaye mawe huweza kukuta nyoka kwanza. Basi mwaka jana tuliungoja moto upite, kisha Jumamosi moja, asubuhi na mapema, sisi walimu wawili tukatoka na watoto kumi na wanne, kila mmoja na mfuko mtupu wa unga. Sisi tulichukua nyundo, sumaku tuliyoitoa katika redio iliyokufa, kipande cha chupa, na kitako cha sahani iliyovunjika.

Huenda msomaji akauliza, sahani ya nini porini? Chini ya sahani, pale inapokaa mezani, pana duara lisilong'aa, kavu kama chaki. Ukilisugua jiwe hapo litaacha alama, na alama hiyo husema kweli kuliko sura ya jiwe. Maana kwetu mawe meusi ni mengi, na kwa macho yote ni ndugu. Lakini jiwe la chuma, hata likiwa jeusi, mara nyingi huandika nyekundu kama damu iliyokauka. Manganezi huandika nyeusi. Tena manganezi yenyewe si ya namna moja: iko laini, inayochafua vidole kama masizi, na iko ngumu, yenye uvimbe-uvimbe kama kishada cha zabibu.

Tulipowaambia kuwa manganezi hutiwa katika chuma cha pua, na pia katika mawe ya tochi, msichana mmoja aliruka. "Mwalimu, kumbe mawe ya tochi ni mawe kweli!" Watu wazima tumelitumia neno hilo miaka yote, wala hatukulisikia. Tulikuwa na jiwe moja la tochi lililokwisha nguvu. Tukalipasua kwa kisu sisi wenyewe, tukawaonyesha ule unga mweusi. Uliandika nyeusi kwenye sahani. Tulipaswa kuwaambia pia kwamba ndani yake mna makaa, nayo makaa huandika nyeusi vilevile, kwa hiyo hapo sahani haikuthibitisha kitu. Walisikitika kidogo.

Wazee wa Kisenge wangali wanasimulia jinsi manganezi ilivyopakiwa katika mabehewa kwenda bandari ya Lobito, kwa reli ya Benguela iliyounganishwa na ya Katanga mwaka 1931. Mwaka 1975 vita vya Angola vikaifunga njia hiyo, na madini yaliyokwisha kuchimbwa yakabaki yamelundikwa. Upande wa Angola reli ilizinduliwa upya mwaka 2015. Watoto hawakujali sana habari hizo. Walichojali ni nyundo.

Na nyundo iliwapa haki yao. Jiwe moja jeusi, baya, lilipopasuka lilikuwa na rangi ya waridi ndani. Hiyo ni rodokrositi: manganezi kabla mvua na hewa ya miaka isiyohesabika haijaigeuza kuwa nyeusi. Wote wakanyamaza. Baadaye wakapata na punje za kahawia zenye wekundu, spesartini, zilizokwaruza kioo cha chupa. Tangu hapo hapakuwa na jiwe lililosalimika.

Tulipokuwa tukipumzika chini ya mti, mvulana mmoja mkimya alitoa mfukoni jiwe ambalo si la vilima vyetu. Lilikuwa la kijani kikali, na juu yake vijisindano vyembamba kama nywele. Mjomba wake, mchimbaji wa Kolwezi, ndiye aliyempa; naye alikuwa akilala nalo chini ya mto wake miezi miwili. Alitaka kulisugua kwenye sahani. Tulimshika mkono.

Kijani cha Kolwezi mara nyingi ni malakiti, jiwe la shaba. Lakini huko, kwa mfano Musonoi, shaba imechanganyika mahali pengine na urani, na baadhi ya mawe ya urani ni ya kijani, yenye sindano. Moja huitwa kuprosklodowskiti, kwa jina la ukoo wa Marie Curie kabla hajaolewa. Malakiti nayo huweza kuota sindano. Bila chombo cha kupimia hatukuweza kuamua, na tuliona heri kumwambia hivyo kuliko kujifanya tunajua. Tukalitia katika kopo, tukawa mbali nalo, tukanawa mikono.

Alisikiliza yote, kisha akauliza: "Na mjomba, mwenye mfuko mzima chumbani?"

Hatukuwa na jibu. Huko Kolwezi wako watoto wa umri wake wanaookota mawe wayauze, wala hakuna anayewashika mkono. Jioni tulikwenda kwa mama yake. Kopo lilifukiwa mbali na nyumba na kisima, nyuma ya kichuguu, mpaka apatikane mtu mwenye chombo. Mama akampigia simu kaka yake mbele yetu. Alicheka, akasema mfuko umekwisha kuuzwa, na kesho anarudi shimoni.

Mtoto tulimpa lile jiwe la waridi. Alilipokea kwa mikono miwili, akatushukuru, akaliweka nje ya mlango.