Mbona Unanikimbia?

Kamera yangu ya kwanza ilikuwa Canon ya mtumba, ikiwa na lenzi yake ya kawaida ya milimita 18 hadi 55. Wiki mbili baadaye nikaiuza hiyo lenzi. Kila mpiga picha niliyemuuliza aliniambia hiyo ni ya kuanzia tu, tafuta 50 ya f/1.8. Pesa za kuwa na zote mbili sikuwa nazo.

Na hawakunidanganya. Kwenye f/1.8, ile 50 hupokea mwanga karibu mara kumi zaidi ya lenzi ya kwanza ikivutwa hadi 55, ambapo haifunguki kupita f/5.6. Uso unatoka safi, nyuma panayeyuka. Nikajiona fundi.

Desemba nikaenda ushago. Jiko la Nyanya, la udongo na nyasi, lilikuwa libomolewe wiki iliyofuata. Wajomba walishaleta mabati. Kando ya mlango kulikuwa na alama za makaa, alizochora kila mwaka kutupima urefu sisi wajukuu. Nilitaka picha moja tu: Nyanya kwenye kigoda, mafiga, vyungu, zile alama, vyote pamoja.

Nikainua kamera, nikaona uso. Nikarudi nyuma, nikaona mabega. Nikarudi tena, mgongo ukagonga ukuta.

"Mbona unanikimbia?" akauliza.

Kumbe kihisi cha kamera kama yangu ni kidogo kuliko fremu ya filamu ya milimita 35, kwa hivyo kinakata kingo. Kwa Canon unazidisha kwa 1.6, na 50 inaona kama 80. Nikiwa mita mbili kutoka kwake, picha ilibeba upana usiofika mita moja. Ile 18 niliyouza ingebeba karibu mita mbili na nusu. Sawa, jiko lilikuwa na giza. Ningemwomba atulie, niegemeze kamera kwenye debe. Lakini angekuwemo, yeye na jiko lake.

Nikapiga vipande. Chungu peke yake. Alama peke yake. Nyanya peke yake.

Siku hizi mtu akiniuliza anunue lenzi gani, namuuliza kwanza anataka kumpiga nani, na chumba kina ukubwa gani. Kama ana hiyo 18 hadi 55, namwambia akae nayo mwaka mmoja kwanza.

Nyanya halikumbuki sana jiko lile; anasema moshi wake ulimmalizia macho. Nilipompelekea picha yake aliishika karibu na dirisha, akaitazama kwa muda mrefu. Kila kunyanzi lilionekana. Nyuma yake, pale penye alama zetu, palikuwa na weusi laini tu.

"Nimependeza," akasema. "Hii tulipigia studio gani?"