Wino Mwekundu na Kiingereza cha Norfolk

Mwezi wa Mei mwaka 1987, nikiwa na umri wa miaka 25, niliomba likizo isiyo na malipo katika shule ya sekondari niliyokuwa nikifundisha Mombasa, nikaenda Uingereza kusoma Kiingereza na kuchuma stroberi. Ndugu wasomaji mtaniwia radhi kuanza na matunda katika ukumbi wa mashairi, vina nitavifikia.

Wakati ule, raia wa nchi za Jumuiya ya Madola mwenye umri wa kati ya miaka 17 na 27 aliweza kupewa kibali cha kukaa Uingereza hadi miaka miwili kwa mapumziko yenye kazi. Sharti lake lilinichekesha: kazi iwe jambo la pembeni tu, la kumsaidia mtu kulipia matembezi yake. Mimi matembezi sikuwa nayo. Nauli nililipiwa na mjomba wangu, baharia, ambaye alishikilia kwamba mwalimu wa Kiingereza asiyewahi kufika Uingereza ni sawa na nahodha aliyesomea bahari akiwa ufuoni. Mjomba hakuwa mtu wa kubishiwa, na moyoni niliona amesema kweli.

Nilikuwa nikifundisha Kiingereza na Kiswahili, masomo mawili niliyofuzu katika chuo cha ualimu. Katika yote mawili nilikuwa mkali. Chuoni tuliambiwa kwamba kosa ni kama gugu, lisipong'olewa mapema litaota mizizi, na mimi niling'oa. Kosa lililonimalizia wino mwekundu kuliko yote ni lile la s ya Kiingereza, ile inayobandikwa mwishoni mwa kitenzi anapotajwa mtu mmoja asiyekuwapo: she goes, wala si she go. Wanafunzi wangu waliisahau asubuhi na jioni. Niliwaandikisha sentensi hamsini hamsini. Mmoja aliwahi kuniuliza s ile inafanya kazi gani, ikiwa she peke yake imekwisha kutuambia kuwa ni mtu mmoja. Nilimjibu kuwa hiyo ndiyo lugha ya wenyewe, na wenyewe hawaulizwi.

Shamba lilikuwa Norfolk, mashariki mwa Uingereza, nchi tambarare kama sinia. Tulilala katika karavani, wanne wanne, tukachuma kuanzia alfajiri, na malipo yalihesabiwa kwa vikapu. Kazi yenyewe sitaieleza sana. Aliyewahi kuinama kutwa shambani anaijua, na asiyewahi hatasaidiwa na maneno yangu. Msimamizi wetu alikuwa mzee mfupi mwenye kofia isiyomtoka kichwani. Siku ya kwanza aliniita "bor". Mimi nikasikia "boy", neno ambalo baba yangu aliitwa na Wazungu akiwa mtu mzima mwenye watoto sita. Nikanuna siku mbili. Siku ya tatu nikamsikia akimwita hivyo hivyo ndugu yake wa damu, na baadaye mwenye shamba pia. Nilipouliza nikaambiwa ni neno la Norfolk la kumwitia mwenzio, lenye udugu na neno lao la jirani. Kumbe mzee yule alikuwa akiniita jirani yake, nami nikimkunjia uso.

Nilianza basi kumsikiliza kwa makini. Kitu kilichokaa benibeni, yeye alisema kiko "on the huh". Upuuzi aliuita "squit". Niliyaandika maneno hayo katika daftari dogo, nikifurahi kama mtoto aliyeokota kombe pwani. Kisha, adhuhuri moja, tukimngoja mkewe atuletee chai, mzee akatazama saa yake akasema: "She go to Norwich Saturdays, she do."

Mkono wangu ulitafuta kalamu.

Kwanza nilidhani ni mzee asiyesoma. Lakini mkewe alisema vivyo hivyo. Dereva wa basi alisema vivyo hivyo, na muuza duka, na bibi aliyekuwa akipanga maua kanisani. Hawakuwa wakisahau mara moja moja kama wanafunzi wangu; walikuwa na utaratibu wao, nao waliufuata bila kuteleza. Wenye lugha, wale nilioambiwa kuwa hawaulizwi, walikuwa wakizungumza kama kidato cha pili.

Mwezi wa Septemba nikahamia mjini Norwich, nikapanga chumba kwa bibi mmoja mjane. Mchana nilikwenda kuchuma matofaa, na jioni mbili kwa juma nikahudhuria darasa la Kiingereza la watu wazima. Tulijitayarisha kwa mtihani wa juu wa Cambridge kwa wageni, ambao ulianza mwaka 1913 ukiwa na watahiniwa watatu tu. Darasani walikuwamo wasichana wa Kihispania waliolea watoto katika nyumba za watu ili wapate malazi na lugha kwa pamoja, Wajapani wawili wanyamavu, na Mreno aliyeosha vyombo hotelini na kuja amechoka hata akalala katikati ya sarufi. Sote tulikuwa tukinunua Kiingereza kwa mikono.

Jioni moja mwalimu aliandika she goes ubaoni. Msichana mmoja wa Kihispania akanyosha mkono: baba mwenye nyumba anamokaa husema she go kila siku, je, amfuate nani? Mwalimu alicheka. Akasema yote mawili ni Kiingereza; moja litakupa cheti, la pili litakupa rafiki. Kisha akatutajia kitabu cha Peter Trudgill, mwanaisimu aliyezaliwa Norwich hapo hapo na kuuchunguza usemi wa mji wake.

Kesho yake nilikuwa katika maktaba kuu ya mji. (Maktaba ile iliteketea kwa moto mwaka 1994. Niliposoma habari zake nilisikitika kana kwamba nimefiwa.) Kitabu kilichapishwa mwaka 1974. Trudgill aliwahoji watu 60 wa Norwich na kuhesabu, pamoja na mambo mengine, ni mara ngapi kila tabaka liliiacha ile s. Katika mazungumzo ya watu wa tabaka la kati la katikati, hawakuiacha hata mara moja. Wafanyakazi wa tabaka la chini kabisa waliiacha mara 97 katika kila 100. Nilizitazama namba hizo kwa muda mrefu. Sikuona hapo sarufi na ukosefu wa sarufi. Niliona nani ana nyumba yenye bustani na nani anaamka alfajiri kwenda kazini.

Jambo jingine nililijua miaka mingi baadaye, nimekwisha kustaafu. Trudgill huyo huyo aliandika tena, akatoa rai juu ya chanzo cha usemi ule. Mwaka 1565 mji wa Norwich ulikaribisha wafumaji waliokimbia mateso katika nchi ambazo leo ni Uholanzi na Ubelgiji. Walifuatwa na wenzao, hata katika miaka ya 1570 wageni wakawa wapata theluthi ya wakazi. Wakati huo Kiingereza chenyewe kilikuwa katika mabadiliko, umbo la kale la kitenzi likipishana na hii s mpya, na wageni, kama wageni wote, waliona ni nafuu kuacha kitenzi kitupu. Kwa rai yake, umbo hilo la tatu likapata nafasi katikati ya yale mawili yaliyokuwa yakishindana, likabaki. Ikiwa ni hivyo, mzee wangu wa stroberi alikuwa amerithi kosa la wanafunzi wa miaka mia nne iliyopita, nalo likawa ndilo lugha yake ya mama.

Lakini haya ya wafumaji yalikuwa bado mbele. Siku ile maktabani, mbele ya zile namba, nilichokumbuka ni daftari.

Mwezi wa Aprili, juma moja kabla ya kufunga shule, niliwapa kidato cha pili kazi ya kutunga shairi. Hilo lilikuwa kundi la kwanza la mfumo wa 8-4-4, ambao uliufanya Kiswahili kuwa somo la lazima na la kutahiniwa, na sisi walimu tulikuwa na hofu: mtihani hatujauona, wasahihishaji hatuwajui. Wengi waliandika juu ya usafi na umoja. Msichana mmoja, mtoto wa Mji wa Kale, aliandika tarbia ya beti tano juu ya babake aliyekwenda kufanya kazi Uarabuni na kukatisha barua. Katika ubeti wa kwanza vina vyake vya mwisho vilikuwa vya to: moto, mtoto, mto. Mshororo wake wa tatu ulisema hivi:

Ndiani natazamia, matozi yajaa mato

Nilikata maneno matatu. Juu ya ndiani nikaandika njiani. Juu ya matozi, machozi. Juu ya mato, macho. Chini nikaandika kwa herufi kubwa: KISWAHILI SANIFU. Kisha, na hapa ndipo ninapoona haya hadi leo, nikampunguzia alama mbili kwa kuvunja kina. (Mjuzi wa Kimvita ataniambia kwamba t ya mato si t ya moto, na sikio la Mvita lazitofautisha. Ni kweli. Lakini mimi sikuwa nikisikiliza sikio la Mvita.)

Mimi mwenyewe ni mtu wa Mombasa. Mamangu hakupata kusema macho hata siku moja; yeye alisema mato, na aliponituma dukani alinihimiza nisicheze ndiani. Chuoni tuliisoma Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla, iliyochapishwa mwaka 1973 kwa Kimvita, nami niliisifia katika mtihani kwa kurasa tatu. Nilijua kwamba uamuzi wa kuifanya lahaja ya Unguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu ulipitishwa katika mkutano wa mwaka 1928, mkutano uliofanyika Mombasa hapa hapa. Nilijua pia uhuru wa mshairi. Nimeufundisha, kwa mifano. Malenga wenye majina niliwapa uhuru huo wote. Msichana wa miaka kumi na mitano mwenye daftari la shule nilimnyima, kwa hofu ya msahihishaji nisiyemjua.

Sisemi usanifu hauna kazi. Watoto wale walikuwa na mtihani, na mwalimu asiyewatayarisha kwa mtihani anawadhulumu. Yule mwalimu wa Norwich naye aliendelea kuandika she goes ubaoni, na angeandika nini kingine? Lakini aliyemwuliza hakukatiwa neno. Alijibiwa.

Mtihani niliufanya Desemba, nikafaulu kwa daraja la C. Januari 1988 nilikuwa nimerudi, nina koti zito lisilo na kazi Mombasa na daftari dogo la maneno ya Norfolk. Yule msichana alikuwa kidato cha tatu. Nilimwita barazani, nje ya chumba cha walimu, nikamwuliza kama bado analo lile shairi la babake.

"Daftari lilikwisha, mwalimu. Lakini nalikumbuka."

Nilimwomba anikaririe ubeti wa kwanza. Akasimama wima, mikono nyuma, kama tulivyowafundisha. Alikuwa na sauti nzuri, na mizani ilitulia mdomoni mwake. Ukapita moto, akapita mtoto. Alipofika mshororo wa tatu akaupunguza mwendo, kama mtu avukaye mahali alipowahi kuteleza, akasema:

"Njiani natazamia, machozi yajaa macho."

Alipomaliza akanitazama, akingoja nimwambie kama sasa amepata. Nilimwambia aurudie mshororo ule, ausome vile alivyouandika mara ya kwanza, vile wasemavyo kwao. Alinyamaza kitambo, akatazama chini.

"Nishalizoea hili, mwalimu," akasema.