Tawi Lipi la Moyo Lastahili Kuzibuliwa?

Kila mwaka wanafunzi wangu wa sera za umma hulalamika kwamba neno "kipaumbele" limechakaa. Kila wizara ina vipaumbele kumi na viwili, na hakuna anayesema ni kipi kiachwe. Nikitaka kuwaonesha watu wanaolitumia neno hilo kwa uzito wake, siku hizi nawapeleka kwa madaktari wa moyo, hususan wale wanaohangaika na swali moja lionekanalo dogo: tawi la mshipa wa moyo likizibwa, je, lina umuhimu wa kutosha kuzibuliwa?

Moyo husukuma damu kwa mwili mzima, lakini msuli wake haushibi kwa damu inayopita vyumbani mwake. Hulishwa na mishipa ya koronari, wa kulia na wa kushoto, inayochipuka mwanzoni kabisa mwa aota. Ule wa kushoto, baada ya shina fupi, hugawanyika panda: mmoja hushuka mbele ya moyo, mwingine huzunguka kuelekea nyuma. Hiyo nayo hutoa matawi, na matawi hutoa vijitawi. Lehemu hupenda kujikusanya hasa penye panda, kwa sababu hapo mkondo wa damu huvurugika. Daktari akiingiza stenti kufungua mshipa mkubwa, nyavu za chuma hupita mbele ya mlango wa tawi. Wataalamu wenyewe husema tawi hilo limetiwa jela. Mara nyingi picha ikipigwa baadaye, mlango huo huonekana umebanwa vibaya, na mkono wa daktari huwasha kutaka kuweka stenti ya pili.

Mwaka 2005 Bon-Kwon Koo na wenzake wa Korea Kusini walichapisha utafiti ambao ningependa kila mtumishi anayeidhinisha matumizi ya fedha za umma ausome, hata kama hajui moyo uko upande gani. Badala ya kuiamini picha, waliingiza waya mwembamba wenye kipima shinikizo ndani ya matawi yaliyotiwa jela, wakalinganisha shinikizo la damu kabla na baada ya pale palipobanwa. Kipimo hicho, kilichoasisiwa na Nico Pijls na Bernard De Bruyne miaka ya 1990, huuliza swali la kawaida kabisa: damu inayofika kwenye msuli ni sehemu gani ya ile ambayo ingefika kama pasingekuwa na kizuizi? Matawi 73 yalionekana kwenye picha yamebanwa kwa asilimia 75 au zaidi. Kati ya hayo, ni 20 tu yaliyokuwa yamepunguza mtiririko kwa kiwango cha kudhuru. Mengine 53 yalikuwa yakitisha kwa sura tu.

Sababu zake si za kimiujiza. Stenti husukuma ukingo wa panda, na mlango wa tawi, uliokuwa mviringo, hugeuka umbo la yai. Picha bapa hutazama yai hilo kwa upande wake mwembamba. Tena kuna jambo la pili, ambalo mimi hulipenda zaidi: kizuizi kile kile hudhuru kwa kadiri ya wanaotegemea bomba. Bomba linalolisha kitongoji kizima likibanwa nusu, foleni ya ndoo huanza alfajiri. Likiwa linalisha nyumba mbili, wenye nyumba huenda wasitambue. Kadhalika moyo: tawi linalolisha msuli mchache huhitaji damu kidogo, na hicho kidogo hupenya.

Hivyo swali likahama kutoka "limebanwa kiasi gani?" kwenda "linalisha msuli kiasi gani?" Watafiti wakatumia picha za CT-skani kukadiria uzito wa msuli ulio chini ya kila tawi, na wengi wakachukua asilimia 10 ya msuli kuwa mpaka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017, ambao Koo naye alishiriki, uliona kwamba ukiacha panda ya shina la kushoto, ni takriban tawi moja katika kila matano linalofika mpaka huo. Dalili za kulitambua hazihitaji mitambo ya ajabu: unene wa tawi, idadi ya ndugu zake (yakiwa machache, kila moja hubeba zaidi), na kama ndilo la juu kabisa.

Mpaka wa asilimia 10 usigeuzwe msahafu. Ulitokana na tafiti za zamani zilizowafuatilia wagonjwa bila kuwagawa kwa bahati nasibu. Jaribio kubwa la ISCHEMIA, lililochapishwa mwaka 2020 likiwa na wagonjwa 5,179 wenye ugonjwa uliotulia, halikuonesha kwamba kuanza kwa kuzibua mishipa kunapunguza vifo kuliko kuanza kwa dawa, ingawa wenye maumivu ya kifua walipata nafuu zaidi. Na hakuna haja ya kumwambia mtu mwenye shambulio la moyo asubiri mjadala huu. Wala shina la kushoto halimo katika hesabu ya ubahili: pale, "tawi" laweza kuwa mshipa unaolisha sehemu kubwa ya ukuta wa nyuma, na kuliita tawi la pembeni ni kosa la lugha linaloweza kuua. Nadhani ndiyo maana jopo la wataalamu wa Ulaya wanaoshughulikia panda za mishipa waliamua kutoa fasili isiyo na namba hata moja: tawi muhimu ni lile usilotaka kulipoteza, ukizingatia hali nzima ya mgonjwa huyu. Wengine huiona fasili hiyo kuwa legelege. Mimi naiona kuwa ya kiungwana, kwani inamlazimisha daktari kusema *nani* hataki kulipoteza, na kwa nini.

Nimeanza kufuatilia mambo haya kwa sababu ya jina langu. Udaktari wangu ni wa falsafa, lakini katika ukoo wetu "Dokta" ni Dokta, na bahasha zote za hospitali huishia mezani kwangu. Mjomba wangu, mwalimu mstaafu, alipatikana na tawi lililobanwa kwa asilimia 80. Kundi la familia la WhatsApp likawaka moto. Michango ikaanza siku hiyo hiyo, na hata binamu asiyetoa mchango wa harusi akatoa. Kisha daktari kijana akatuambia mzee atatibiwa kwa dawa. Chumba kikanyamaza. Binamu yangu ndiye aliyesema lililokuwa mioyoni mwetu: "Dokta, tuambie ukweli. Ni kwamba halihitajiki, au ni kwamba hatuna?"

Swali hilo ndilo kiini cha siasa ya afya katika nchi yetu. Tumeishi miongo mingi ambamo kuzibua moyo kulimaanisha India, na India ilimaanisha kujuana. Tangu Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ianzishwe mwaka 2015 hali imebadilika sana, lakini masikio yetu bado ni yale ya zamani. Mtu maskini akiambiwa "hauhitaji," husikia "hustahili." Hana wazimu, ameshaambiwa hivyo kuhusu barabara, maji na walimu.

Daktari yule hakukasirika. Aligeuza karatasi, akachora moyo, akaonesha mshipa mkubwa ulio wazi, tawi lenyewe jembamba, na jingine nene zaidi lililo juu yake. Akaeleza kwamba moyo wa mzee unasukuma vizuri, kwamba maumivu humjia akipanda mlima tu, na kwamba dawa zikishindwa kuyatuliza watalitazama upya. "Mngekuja na fedha zote za Benki Kuu," akasema, "ningewaambia hayo hayo." Ilimchukua dakika kumi hivi.

Dakika hizo ndizo zinazonitia wasiwasi. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote imepitishwa mwaka 2023, na watumishi wanaopanga vitita vya mafao watapaswa kuamua kinacholipiwa. Stenti ina bei, ina risiti, inahesabika kwenye ripoti ya mwaka. Waya wa kupima shinikizo hutumika mara moja na ni ghali, hivyo utaonekana anasa, japo ungeweza kuepusha stenti mbili. Mazungumzo ya daktari na familia hayana hata safu kwenye fomu. Mfumo unaolipa chuma na usiolipa kipimo wala maelezo utapata chuma kingi, na atakayeachwa bila stenti hatajua kamwe ni kwa hukumu ya kitabibu au kwa upungufu wa bajeti. Ningependa fomu ya madai iwe na mstari mmoja unaodai jibu la swali la binamu yangu, kwa maandishi, na nakala apewe mgonjwa.

Kuhusu michango, tulibishana wiki nzima. Wengine walitaka irudishwe. Mjomba akaamua inunue dawa zake za lehemu, aspirini na kipima shinikizo cha nyumbani, na salio likae kwa shangazi, ambaye hadi leo hakopeshi mtu.