Musawo aliniuliza napaka nini, nikadanganya

Wiki hii ni zamu yangu ya kuandika, na nimechagua kuandika juu ya uso wangu. Naomba msinicheke.

Mimi ni binti wa Bukavu, nina miaka 23. Nakaa Naguru, huku chini Go-Down, na mama na wadogo zangu wawili. Ukisimama mlangoni kwetu unaona kule juu kilimani nyumba za wakubwa. Nilipokuwa na miaka 16 chunusi zilinishambulia vibaya, zikaacha mashimo kwenye mashavu. Mwaka jana dada yangu, mtoto wa mama mkubwa ambaye alipelekwa Canada, alinitumia pesa akasema, "Mdogo wangu, nenda katengeneze uso." Huko juu kilimani kuna kliniki ya ngozi inayofanya ile tiba ya sindano ndogo zenye mawimbi ya redio.

Kwa wasioijua: ni kifaa chenye sindano nyingi nyembamba. Zinaingia ndani ya ngozi milimita chache tu, halafu zinatoa joto huko ndani. Ngozi ikijiponya inatengeneza kolajeni mpya, na mashimo yanapungua kidogo kidogo. Si siku moja, watu wengi hurudi mara tatu au zaidi. Kwa ngozi nyeusi inasemekana ina nafuu kuliko leza nyingi, kwa sababu joto linaachiwa chini na si juu penye rangi. Lakini si mchezo. Oktoba 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kwamba kuna watu walioungua, waliobaki na makovu, hata walioumia neva. Kwa hiyo anayekuchoma awe mtu wa afya aliyefundishwa, na ngozi yako iwe imeandaliwa.

Hapo kwenye kuandaa ndipo mimi niliposhikwa.

Musawo aliyenipokea alikulia kambi ya polisi hapahapa Naguru, Kiswahili chake safi. Akachukua karatasi akaanza kuuliza. Una mimba? Una kifaa cha moyo mwilini? Makovu yako huwa yanavimba? Umewahi kumeza vidonge vya chunusi? Halafu akauliza, "Unapaka nini usoni?"

Nikasema, "Mafuta ya kawaida tu."

Jamani, nyinyi mnanielewa. Sisi tumekua na mahojiano. Tangu tuvuke mpaka, kila mtu mwenye karatasi na kalamu anauliza, na sisi tunapima jibu kwanza: hili litanisaidia ama litafunga faili langu? Nilimjibu musawo kama ninavyojibu ofisini.

Akanishika mkono, akautazama. Vidole vyangu vilikuwa vyeupe, lakini kwenye viungo, pale vinapokunjwa, vilikuwa vyeusi. Akasema taratibu, "Mwanangu, mimi si polisi. Hii mikono imeshanijibu."

Sasa niseme lile ambalo sikumwambia siku ile. Mama yangu anauza mafuta ya kujichubua, mkorogo, kama wenzetu wa Tanzania wanavyouita. Anayatembeza kwenye beseni kuelekea soko la Nakawa. Ndiyo yaliyolipa nyumba, ndiyo yaliyolipa shule ya wadogo zangu. Na mimi ndiye nilikuwa tangazo lake. Wateja walikuwa wananitazama wanasema, "Nipe kama ya binti yako."

Musawo alikataa kunichoma. Alinieleza kwamba mengi ya mafuta hayo yana dawa kali za steroidi, au haidrokwinoni, mengine hata zebaki, ambayo inaharibu figo. Steroidi inaifanya ngozi iwe nyembamba na ichelewe kupona. Ukiichoma sindano zenye joto, unaweza kutoka na madoa meusi au kovu kuliko ulivyokuja. Akanipa masharti, nami nawapa nyinyi.

Mafuta ya kujichubua, acha, lakini chini ya macho ya daktari, maana ukikatisha ghafla baada ya miaka uso unaweza kulipuka. Hili ni jambo la miezi, si wiki. Krimu za retinoli na za asidi, acha siku kadhaa kabla, kama utakavyoambiwa. Kofia na krimu ya kuzuia jua kila siku, SPF 30 kwenda juu. Usitumbue chunusi. Ukiwa na kidonda au malengelenge mdomoni, sema, tarehe isogezwe. Siku yenyewe njoo na uso mtupu, bila poda.

Miezi ile ilikuwa migumu. Uso uliwasha, ukawa mwekundu, baadaye mweusi kwa mabaka. Wateja wakamuuliza mama, "Binti anaumwa?" Beseni likawa linarudi limejaa. Usiku mmoja mama alinifokea, "Unataka tule huo uso wako?" Sikuwa na jibu. Alikuwa anasema kweli.

Lakini baada ya siku chache aliniletea makopo yote akaniambia nimsomee maandishi, kwa kuwa yeye hasomi. Nikasoma moja moja. Yale yenye steroidi akayaweka pembeni. Hakuacha biashara siku hiyo, sitawadanganya. Sasa beseni lina sabuni na vitenge, na makopo machache bado yapo.

Nanyi mnaofanya kazi kwenye mashirika, nawaomba kitu kimoja. Mkituuliza habari za afya, tuambieni kwanza kwamba jibu haliendi kwenye faili la kesi. Na mkituambia tuache mkorogo, ulizeni pia ni nani anakula kutokana nao.

Mwezi uliopita, baada ya miezi sita, nilichomwa mara ya kwanza. Mashimo bado yapo, nitarudi tena. Mama alinisindikiza. Musawo alishika karatasi yake akauliza tena, "Unapaka nini usoni?"

Kabla sijafungua mdomo mama akajibu, "Alikuwa anapaka yangu. Ameacha."