Magongo katika Saa ya Michezo

Jumatatu, 6 Februari 2023
Direkta amekubali. Kalasi ya nne na ya tano watafundishwa mpira wa magongo kila Alhamisi, kabla ya mapumziko. Niliing'ang'ania saa hiyo. Kengele ya mwisho ikishalia, huyu anakwenda kuchota maji, yule anamsaidia mama yake kuuza sokoni, na wale wa Kigonze, kambi ya waliohamishwa na vita hapa Bunia, wana mwendo wa kurudi. Mchezo ukiwekwa jioni, watacheza tu wasio na kazi nyumbani.

Alhamisi, 9 Februari
Fundi wa mbao ameleta magongo kumi na mawili ya matawi ya mpera yaliyojipinda yenyewe. Upande wa kushoto ameupiga randa ukawa bapa, maana kanuni inaruhusu kugusa mpira kwa upande huo tu. Mpira ni wa tenisi. Tangu elimu ya msingi ifanywe bure mwaka 2019, kalasi zimefurika, kwa hiyo nimewagawa: kundi moja linasukuma mpira, la pili linautuliza, la tatu linakimbia nao kufuata mstari, la nne linahesabu pasi kwa sauti. Kisha wanabadilishana. Hakuna anayekaa kutazama.

Alhamisi, 16 Februari
Leo mikono. Wa kushoto juu, wa kulia chini. Wengi walilishika gongo kama jembe na kupiga kwa nguvu, mpira ukaishia kwenye ua wa jirani. Aliyenifurahisha ni binti mmoja wa mashoto, ambaye miaka yote amekuwa akikemewa kwa mkono wake. Katika magongo, mkono wa kushoto ndio unaoligeuza gongo. Aliukokota mpira kushoto na kulia bila kuupoteza, na wenzake wakamwomba awaonyeshe.

Alhamisi, 2 Machi
Mvua imeujaza uwanja matope, tukabaki ndani. Niliwaeleza kwamba mchezo huu niliujulia Kampala, familia yetu ilipokimbia vita vya hapa Bunia mwaka 2003. Nikawasimulia pia habari za Kenya: nafasi ya sita kwenye Olimpiki za Tokyo mwaka 1964, na ya nne katika Kombe la Dunia la kwanza, Barcelona, mwaka 1971. Mmoja akauliza, “Mwalimu, na Congo ilikuwa ya ngapi?” Congo haikuwamo.

Alhamisi, 9 Machi
Mechi ya kwanza, watano kwa watano. Nusu duara mbele ya goli nimeichora kwa majivu. Goli lililopigwa kutoka nje yake halihesabiwi. Nimeongeza kanuni mbili zangu: gongo lisipite goti, na kabla ya kufunga, wote watano wawe wameugusa mpira. Kila timu ina watoto wa mtaa na wa kambi. Kati ya wazazi wao, waliokimbia mapigano huko Djugu na Irumu, wapo ambao bado wanaogopana. Uwanjani mtoto humwita kwa jina yule anayemhitaji ampe pasi.

Ijumaa, 10 Machi
Nimeiandikia komite ya wazazi. Siombi pesa. Naomba saa ya Alhamisi ibaki kwenye ratiba, isimezwe na maandalizi ya mtihani wa mwisho wa msingi. Watoto wa Bunia wakikosa kufundishwa mchezo shuleni, wengi hawana pengine pa kuupata.