Chui wetu nimemwona kwa blanketi tu

Mimi ni Omogirango wa Nyamira. Ukiniuliza mnyama wa ukoo wetu, nakujibu bila kufikiria: engo, yaani chui. Ukiniuliza nimemwona wapi, hapo ni aibu. Nimemwona kwa blanketi ya magokoro, nyanya yangu.

Nikisimama juu ya mwamba wa Manga naona majani chai, mikaratusi na mabati. Nilikuwa nasema wanyama wako Mara, huku kwetu ni watu tu.

Halafu mwaka jana kuku wetu wakaanza kupotea. Tukalaumu mbwa wa jirani mpaka wazee wakaitwa. Usiku mmoja tukasikia kelele bandani. Kulikuwa na kitu kidogo chenye madoadoa na mkia mrefu. Mtu akapiga nduru, "Engo!" Vijana wakampiga mpaka akafa. Mimi nilikuwa nashika simu, narekodi.

Alikuwa kanu. Ameishi karibu nasi siku hizo zote na hakuna hata mmoja wetu aliyejua jina lake.

Ndiyo maana hii stori ya DNA ya hewani imenishika. Kila mnyama huacha vipande vidogo vya ngozi, manyoya na mate vikielea hewani. Unaweka feni na kichujio, unavuta hewa, unapeleka maabara. Mwaka 2022 timu mbili zilichapisha matokeo ya bustani za wanyama: Copenhagen walipata aina 49, na Hamerton, Uingereza, aina 25. Hamerton hewa ilimtaja hata kalunguyeye wa porini, ambaye Uingereza anazidi kupungua.

Si uchawi. Hewa haikwambii ni wanyama wangapi. Na Kisii pekee ilikuwa na watu 1,266,860 kwenye sensa ya 2019, kwa hivyo kichujio kitajaa watu, ng'ombe na kuku kwanza.

Lakini wacha nikuambie: hapa ndipo kifaa hicho kinahitajika zaidi. Mara watalii wanaona wanyama kwa macho. Sisi vichaka vyetu vya mwisho vinafyekwa kabla hatujajua ni nani analala ndani.

Labda hewa ya Manga itasema hakuna chui. Sawa, nitamwambia magokoro. Ila itaje waliobaki, ndio siku nyingine mtu akipiga nduru, angalau mmoja wetu aseme, "Ngojeni, huyo namjua."

Ile video nilifuta. Wewe mnyama wa ukoo wenu ni gani, na ulimwona lini?